Mvua ya Songea

Saa nne asubuhi kivutawingu cha Iringa kilinyoosha mikono yake sita ya chuma juu ya kilima. Kilirusha chaji za umeme angani, na mawingu yaliyokuwa yakielekea Songea yakageuka, yakaja kama mbuzi walioonyeshwa chumvi.

Mhandisi Tumsifu Kikoti aliyatazama kwa raha. Ilikuwa siku ya kumi na tisa ya kuvuta mvua ya Songea, na kisasi chake kilikuwa bado hakijashiba.

Aliyemuudhi ni Ngonyani, mhandisi mwenzake wa Songea. Baba yake Tumsifu alipozikwa, Ngonyani alivaa koti la marehemu, akachechemea kama yeye, akatangaza kaburini kwamba mzee amekufa ili akwepe kulima. Mngoni ni mtani wa Mhehe, na mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote. Waombolezaji walicheka huku machozi yanawatoka. Tangu lini Mhehe akamnunia mtani? Tumsifu alinuna.

"Mhandisi," ilisema akilimtambo, ubongo wa ile mashine, "ardhi ya Iringa imeshiba maji. Mteremko wa makaburini umeanza kusogea. Tukiacha sasa, hasara itaishia hapa."

"Songea wamebakiwa na nini?"

"Bwawa moja, nalo ni matope. Mahindi yamekauka."

"Basi bado hawajakoma. Vuta."

Alijua mashine inasema kweli. Ila kuacha aliona ni sawa na kumpigia Ngonyani magoti.

Alasiri mteremko ukaporomoka. Tumsifu aliamuru mashine izimwe, akakimbia makaburini, matope yakimfika magotini. Kaburi la baba yake lilikuwa wazi, jeneza limetokeza upande. Mtu mmoja alikuwa tayari yupo pale na koleo, ameloa chapachapa. Alikuwa Ngonyani.

"Nimekuja na treni ya asubuhi kukuomba mvua," alisema bila kuinua uso. "Nikipita hapa nimekuta mzee anatoka, nikaazima koleo. Mtani ndiye mzikaji. Shika upande ule."

Wakalishusha jeneza, wakafukia. Tumsifu alisubiri kutaniwa: kwamba mzee amefukuzwa ahera kwa uvivu, au lolote lile. Safari hii angecheka. Ngonyani alifukia kimya mpaka mwisho.

"Nitanie basi," Tumsifu alisema. "Nimekosa, mtani wangu. Nitanie."

Ngonyani alilifuta koleo kwa majani.

"Mama yangu alianguka njiani akitafuta maji, Mhandisi. Tulimzika Jumatatu. Tuliwangoja watani wa Iringa tangu asubuhi, tukachelewesha hata kushusha mwili. Kitenge chake tulikiweka kando, ili mmoja wenu akivae atuchekeshe."

Alimkabidhi koleo.

"Bado kimekunjwa."