Macho Yafumbwe Mpaka Amina

"…Na sasa Bwana, tunamweka mikononi mwako kijana wetu Waya! Ng'oa hiyo roho ya hofu inayomwambia amwache dada yetu Nesi, na harusi imeshakaribia!"

Nesi alihisi mkono wa mchumba wake ukilegea ndani ya mkono wake.

Utasema nini watu wamefumba macho? Timu nzima ya misheni ilikuwa imesimama duara, mikono imeshikana, kwenye baraza ya zahanati. Wiki mbili za kutibu wagonjwa na kufunga taa za sola zilikuwa zimeisha. Mabegi yalishapakiwa, basi dogo linanguruma uani, jasho linawatiririka asubuhi yote hiyo. Na kiongozi wao, Mama Mchungaji, alikuwa na tabia moja: ukimpa siri, anampelekea Mungu. Kwa sauti.

Sasa ndipo Nesi alipouelewa ujumbe alioamka nao kwenye simu, kutoka kwa mama yake Waya: "Mkwe wangu, mbona mwenzio anasema kadi za harusi zisichapwe kwanza? Mmekosana?"

Kumbe! Moyo ulimpasuka.

"Mwingine aombe," alisema Mama Mchungaji.

"Bwana," Nesi alianza, "wewe unajua yote. Hebu nieleze, mtu anamwambiaje Mama Mchungaji, anamwambiaje mama yake, halafu mimi ananiacha nisikie pamoja na timu nzima?"

Mtu alikohoa.

"Bwana," Waya akadakia, "wewe ni shahidi, nilitaka kumwambia jana nikashindwa. Nilikuwa darini nafunga nyaya, nikamsikia anamwambia daktari, 'Nisingekuwa na harusi, ningebaki hapa mwaka mzima.' Bwana, mimi sitaki kuwa kamba ya kumfunga mtu."

"Bwana, mkemee anayesikiliza maneno ya watu akiwa darini!"

"Bwana, mwulize, alisema au hakusema?"

Mvua ikaanza kupiga mabati. Nesi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Alisema, tena kwa daktari, kabla ya kumwambia mwenzake. Kosa lile lile analomlaumia! Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Basi tuseme Ami…"

"Bado!" walisema wote wawili.

Mama Mchungaji akafyata mdomo. Uani, honi ikalia.

"Nilisema, Bwana," Nesi aliendelea, machozi yakimshuka. "Nikiwafikiria wale kina mama waliokuwa wanajifungua kwa mwanga wa simu, usingizi haunijii. Niliogopa kumwambia kwa sababu namjua, ataniachia niende. Ndivyo alivyo. Mkate ukibaki kipande kimoja, atasema ameshiba. Mimi sitaki kuachiwa. Nataka kuulizwa!"

Vidole vya Waya vikarudi taratibu kwenye kiganja cha Nesi.

"Bwana, niulizie basi. Je, angerudi hapa na mume?"

"Mume gani, Bwana? Wanaume ni wengi."

"Fundi umeme. Hana makuu. Ila ile betri ya chumba cha kujifungulia inahitaji mtu wa kuiangalia."

Daktari aliguna kicheko, akakigeuza kuwa "Haleluya".

Dereva alikuwa ameshachoka kupiga honi. Akaingia barazani na mvua yake mwilini, akakuta watu wamesimama kama nguzo. Akavua kofia.

"Bwana," alisema Nesi, na safari hii sauti ilishuka, ikawa ya watu wawili, "nioe kwanza. Tukishaoana, rudi nami hapa. Na ukiwa na neno, nianze kulisikia mimi. Nami sitamtanguliza daktari tena."

"Samahani," dereva alinong'ona, "hapo anaongea na Bwana yupi?"

Hata Mama Mchungaji, ambaye Amina ilikuwa imemjaa mdomoni muda wote huo, aliimeza. Nesi alibana macho, akasubiri. Mkono alioushika ulikuwa umelowa jasho, na hakujua ni lake au la mwenzake.

"Amina," alisema Waya.

Walipofumbua macho, Mama Mchungaji alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mnaona maombi yanavyojibiwa?"

"Mama," alisema Waya, "siku nyingine tuombee kimoyomoyo."

Ndani ya basi, bega kwa bega, Nesi alitoa simu akaandika: "Mama, tumeyamaliza. Kadi zichapwe."

Jibu halikukawia: "Zilishachapwa tangu juzi, mkwe wangu. Huyo nimemzaa mimi."