Baridi ya Kumfikisha Umutesi

Tak.

Kisha mvumo mdogo, kama paka anayekoroma chini ya kitanda. Tak tena.

Eddy alikuwa amefumba macho. Mashine husikilizwa kwanza, hutazamwa baadaye; ndivyo alivyojifunza ufundi. Huo ulikuwa mlio wa kompresa ya klima, ile ya kupoza hewa ndani ya gari, na ilikuwa inakamata vizuri. Alipofumbua macho, jua la saa sita lilikuwa limesimama juu ya ua wa mama yake, na gari la Pasta Alphonse lilikuwa linanguruma ndani ya uzio wa matete, vioo vyake vyeusi vimepandishwa mpaka juu.

Nyuma ya vioo hivyo alikaa Umutesi.

"Unasikia baridi?" Eddy aliuliza kwenye upenyo wa mlango.

"Nasikia upepo, Fundi. Baridi iko bado kule juu Bukavu."

Eddy alicheka, ingawa moyo wake haukuwa wa kucheka. Umutesi alikuwa binti wa wafugaji wa milimani, aliyeshuka mjini Baraka kushona nguo kabla vita haijarudi. Sasa wanaume wenye bunduki kwenye bariere, vizuizi vya barabarani, walitafuta sura kama yake. Mama Godelieve, mama yake Eddy, Mubembe wa damu, kabila jingine kabisa, alikuwa amempa chumba cha nyuma na kumwita mwanangu. Kesho asubuhi Pasta angempeleka Uvira, kwa baba yake, Mzee Kayumba, aliyekimbilia huko.

Gari la kanisa lilikuwa na heshima yake. Pasta alishuka mwenyewe kwenye kila bariere, akasalimia, akaombea watu, na hakuna aliyechungulia nyuma ya vioo. Lakini juma lililopita Mama Pulchérie, mgonjwa aliyekuwa anapelekwa hospitali, alizimia kwa joto walipopita kijiji cha Swima, ikabidi washushe vioo vyote. Pasta alimwambia Eddy waziwazi: klima isipopona leo, hatamchukua binti. Kioo kikishuka mara moja tu, wote wamekwisha. Na juma lijalo huenda njia yenyewe isiwepo.

Kwa hiyo Eddy alifanya kazi. Mkanda wa kompresa aliukuta umekaza. Mbele ya rejeta alikuta kipande cha chandarua ambacho Pasta alikuwa amekishona kuzuia mbegu za majani, kimejaa matope na wadudu wakavu mpaka hewa haikupita. Alikikata, akaosha mapezi ya chuma kwa maji, taratibu, kama anayeosha uso wa mtoto. Upepo ukapoa kidogo. Kidogo tu.

Akashika bomba nene linalorudi kutoka ndani. Lilikuwa baridi, linatoka jasho. Basi gesi ilikuwepo. Akapeleka mkono kwenye bomba la maji ya moto, lile la kupasha gari joto huko kwenye nchi za theluji. Kishikio cha ndani kilikuwa kimesukumwa upande wa baridi, kwa hiyo bomba hilo lilipaswa kuwa limefungwa.

Lilimuunguza vidole.

Aliona sababu papo hapo: waya wa kuvuta koki ulikuwa umechomoka. Maji ya injini yalikuwa yanapita wazi, yakipasha upya hewa iliyokwisha kupozwa. Kazi ya koleo na dakika chache.

Eddy alisimama pale, vidole vinawaka. Kisha akashusha kapo la mbele, kifuniko cha injini.

"Bado," alisema. "Imeshindikana."

Mlango ulifunguka. Umutesi aliteremka na kitenge kichwani, akaja mbele na kuliinua kapo yeye mwenyewe. Hakujua jina la kitu hata kimoja mle ndani. Lakini aligusa lile bomba nene, akautazama unyevu kwenye kiganja chake.

"Hili linatoka jasho kama kibuyu cha maziwa kilicholala nje, kule kwetu milimani," alisema. "Baridi iko. Inapotelea wapi?"

Eddy akaficha vidole vyake nyuma.

"Nakuuliza, Eddy."

"Nikiifunga koki ya maji ya moto, unaenda."

"Ndiyo. Naenda."

"Basi acha nisiifunge. Hapa uko na chumba. Uko na Mama. Mi niko."

Umutesi hakukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Eddy zaidi. Alimshika ule mkono uliochomwa, akaupuliza. Halafu akamweleza jambo ambalo Mama Godelieve alikuwa amelificha: jana jirani aliuliza kwa nini sufuria ya bugali imekuwa kubwa ilhali nyumba ina watu wawili. Aliuliza akicheka. Lakini aliuliza.

"Nikibaki, watakuja kwa Mama," alisema Umutesi. "Nikienda kioo kikiwa chini, watanikamata mi. Na kuenda, nitaenda, hata kama si na Pasta. We chagua vile kioo kitakuwa."

"Na sisi?"

"Sisi hatuko ndani ya klima, Eddy."

Umutesi alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo kwenye kicheko. Eddy akataka kusema maneno makubwa, yale aliyoyapanga kwa miezi. Umutesi akamziba mdomo. Alimkumbusha jibu la Mzee Kayumba kabla ya vita, Eddy alipotuma watu kuposa: binti yangu haolewi kwa ndagala, vidagaa vya ziwani; anaolewa kwa ng'ombe.

"Usiniahidi mi," alisema. "Mi nilikwisha kukukubali. Uahidi kwa yule aliyekataa."

Eddy akachukua koleo. Aliurudisha waya, akaufunga mara mbili, akausubiri moto upungue kwenye bomba. Umutesi alirudi ndani, akafunga mlango. Baada ya muda kioo kiligongwa mara moja. Eddy akaufungua mlango kidogo, na pumzi baridi ikampiga usoni.

"Niletee kitenge cha pili," alisema Umutesi. "Bukavu imefika."

Asubuhi gari lilitoka na vioo juu. Eddy hakupunga mkono, maana hupungi mkono kwa gari linalojifanya halina abiria. Mama Godelieve alipika sufuria ndogo, na hakuna aliyekula.

Jua lilipoanza kushuka walikuwa kwenye nyumba ya fonie, redio ya mawasiliano, katikati ya watu waliosubiri habari za ndugu zao. Kwenye fonie kila mtu husikia kila kitu, hata wenye bunduki, kwa hiyo walikuwa wamepatana na Pasta maneno ya kutumia. Redio ilikoroma, ikapiga mluzi, kisha sauti ya Pasta ikaja:

"Mama Godelieve, maziwa yamefika. Hayakuchacha. Njia nzima yalisikia baridi, yakaomba kitenge cha tatu."

Mama Godelieve alijifunika uso kwa mikono. Ikaingia sauti nyingine, nzito, ya Mzee Kayumba:

"Nani alitengeneza baridi hiyo?"

Watu wote wakageuka. Eddy akachukua maikrofoni.

"Ni mimi, Baba. Yule wa ndagala."



"Nasikia," alisema mzee, na safari hii sauti ilikuwa imelainika. "Unasema nini tena, wewe wa ndagala?"

Eddy aliminya kitufe kwa kidole chenye lengelenge, akasema kwa sauti ambayo hata walioko nje waliisikia:

"Siku njia itafunguka, Baba, nitakuja kwenu kwa miguu, ng'ombe wa mahari mbele yangu. Na kurudi Baraka, sitarudi peke yangu."