Jiko la Melkiadi na Bima ya Dadi

Shamsia anauza vitenge mjini Kibondo. Mume wake, Dadi, ndiye anayevifuata Kasulu kwa gari lao, Noah nyeupe iliyochoka kidogo lakini bado ina nguvu. Gari hilo ndilo shamba lao. Likilala, na wao wanalala njaa.

Siku moja ya masika, Dadi alikuwa anarudi kutoka Kasulu. Alipofika Busunzu aliacha lami, akaingia njia ya udongo kumpelekea mteja mzigo. Udongo wa kule ukilowa unateleza kama mlenda. Gari likamponyoka, likavamia jiko la mkulima mmoja anayeitwa Melkiadi. Ukuta wa matofali mabichi ukaanguka wote. Mungu ashukuriwe, mke wa Melkiadi alikuwa ametoka kuchota maji.

Watu wakajaa, wakalisukuma gari likatoka. Dadi ni mtu wa haya. Akafanya kama Waha, wenyeji wa huku, wanavyofanya: akainama, akapiga makofi taratibu, akaomba radhi mbele ya wote. Angeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini huruma ikamzidi, akasema, "Kosa ni langu peke yangu. Jiko nitalijenga mimi." Wakampigia makofi, wakaagana kwa amani. Trafiki hakuna aliyemkumbuka.

Gari lilifika Kibondo na bampa iliyopasuka na taa moja iliyokufa. Hapo ndipo balaa la ushauri lilipoanza, maana penye wengi pana mengi.

Bazilio, fundi wa gereji, alisema kazi ni ndogo, aachiwe ainyooshe siku hiyo hiyo. Khatibu, mwenye duka la jirani, alisema wana bima kubwa, ile inayolipa gari lako na mali ya watu, kwa hiyo wadai kila kitu. Tena na ule mlango wa nyuma uliobonyea zamani wautie humo humo, nani atajua? Mteja mmoja aliyekuwa anachagua kitenge akadakia kwamba ukidai mara moja, bima hawakupokei tena. Dadi naye, kwa aibu ya kuteleza, alitaka waseme ng'ombe alikatiza barabara.

Shamsia aliwasikiliza wote mpaka kichwa kikamzunguka. Alipokubaliana na huyu, yule naye akaonekana ana maana. Usingizi ukampaa. Kutengeneza bampa wangeweza. Lakini jiko je? Mvua inanyesha, na familia ya watu inapikia barazani.

"Baba Asmahani," akamwambia mumewe, "tukijenga jiko la watu, vitenge tutanunua na nini? Na tusipojenga, utapitaje Busunzu?"

Dadi akainama.

Kesho yake Shamsia akapanda basi kwenda Kasulu, kwa Esteri, wakala aliyewakatia bima. Esteri amezaliwa huku, ila wazazi wake walitoka Burundi, na Kiswahili chake kina mwendo wa Kirundi: hakina haraka. Alimkaribisha, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Gari mmeshalitengeneza?"

"Bado. Lakini Bazilio ameshashika nyundo."

"Mpigie simu aiweke chini."

Shamsia akapiga. Ndipo Esteri akamweleza. Mkaguzi wa bima lazima alione gari lilivyoumia, na jiko lilivyoanguka. Ukinyoosha kwanza, umefuta ushahidi wako mwenyewe. Kuomba radhi si kosa, ni utu. Ila kuahidi malipo kabla kampuni haijajua kunaweza kuleta mgogoro, kwa hiyo na ahadi ile waiseme wazi. Ng'ombe wa kutunga na mlango wa zamani waviache nyumbani, kwa sababu uongo mmoja unaweza kuwakosesha fidia yote.

"Sawa, dada Esteri. Sasa nidai au nisidai?"

"Sijui."

Shamsia nusura anyanyuke. Nauli yote ile kuja kuambiwa sijui?

"Na wewe hujui," Esteri akaendelea, "kwa sababu hakuna aliyefungua boneti. Kutoa taarifa si kudai. Taarifa toeni leo, polisi na kwenye kampuni, hata kama ni mkwaruzo. Halafu pimeni. Kila hasara ina sehemu mnayobeba wenyewe, imeandikwa kwenye mkataba wenu. Na mkidai, punguzo la bei ya bima ya mwaka ujao, wanalopewa wasiodai, linaweza kupotea. Kama hasara yote haizidi hivyo viwili, tengenezeni wenyewe. Ikizidi sana, daini. Bima mliikata kwa ajili ya siku kama hiyo."

Kumbe ilikuwa mizani tu, na Shamsia alikuwa anapima bila kujua kilichomo.

Dadi alikwenda polisi, akakemewa kwa kuchelewa, akasema ukweli wote. Bazilio akafungua boneti. Rejeta ilikuwa na ufa, inavuja taratibu, na chuma cha mbele kimepinda. Ile kazi ndogo ilikuwa imeficha kazi kubwa. Ukiongeza na jiko, mizani ikalala upande mmoja. Wakadai.

Mkaguzi alikwenda Busunzu, akapiga picha, akawahoji watu. Haikuwa siku moja wala mbili, lakini kampuni ililipa gari na jiko. Sehemu yao wakaibeba. Punguzo likapotea, na Shamsia akanung'unika wiki nzima, haki yake. Lakini mtaji wa vitenge ulibaki salama.

Jiko lilipokwisha kujengwa, Melkiadi akawaalika kula. Dadi, akitaka kuegesha gari vizuri, akarudi nyuma na kukwaruza ubavu kwenye kisiki. Watu wakageuka kutazama. Dadi akatoa simu kumpigia Khatibu amshauri.

Shamsia akaikamata simu hiyo. Akaukagua ubavu, akafungua mlango na kuufunga, akachungulia na chini. Rangi tu. Akampigia Esteri kutoa taarifa, kisha akampigia Bazilio, akamweleza alichokiona na kumuuliza bei. Bei ilikuwa ndogo kuliko sehemu yao wenyewe.

"Hili ni letu," akasema. "Twendeni tukale."

Wakaingia jikoni. Mke wa Melkiadi alikuwa anasonga ugali, na nje mvua ilikuwa inaanza. Hakuna aliyelowa.