Ndoano Juu ya Herufi

To-to-to-to. Injini ya mashua ya barua ilisikika kabla mashua yenyewe haijatokeza kwenye kona ya mfereji. Út aliacha kusugua sufuria, akatega sikio. Alikuwa na miaka tisa, na kila asubuhi alisikiliza hivyo hivyo, kwa kuwa mashua yoyote ingeweza kumrudisha mmoja wa ndugu zake.

Zamani walikuwa wanne. Kifungua mimba ni Hai, yaani Wa Pili, kwani kijijini kwao mtoto wa kwanza haitwi wa kwanza, pepo wabaya wasije wakamtamani. Akafuata Ba, kisha Tư, na mwisho Út, kitinda mimba. Wote walilala mkeka mmoja na kugombania chandarua kimoja. Halafu Ba akaolewa, Tư akaenda jeshini, na mwaka jana Hai akaenda mjini kushona nguo kiwandani. Sasa Út alijilaza katikati ya mkeka, akinyoosha mikono huku na huku, bila kumgusa mtu.

Hai ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa mkaa, ubavuni mwa mtungi wa maji. Herufi walizimaliza zote. Alama zinazokaa juu na chini ya herufi, zile zinazopandisha sauti na kuishusha, hawakuzifikia; Hai aliondoka. Shuleni darasa zima lilisoma kwa pamoja, na Út alikuwa hodari wa kudaka sauti za wenzake. Mwalimu hakugundua. Mama yake, aliyemwita Má, yaani mama, hakupata kuketi darasani; alijua jambo moja tu: mwanangu anasoma.

"Má, barua ya Dada Hai," Út aliita.

Má alifuta mikono, akaja kuketi, bega lake likigusa bega la mwanawe. Siku nyingine hakuketi. Alikuwa kwenye mpunga hadi jua lizame.

"Soma taratibu. Usiyameze maneno kama bata."

Út akasoma. Neno lililomgomea alilibahatisha. Mwishoni Hai alisema amepata ruhusa ya siku moja, tarehe ishirini na tano ya mwezi wa kumi na mbili, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Angefika asubuhi na kuondoka kwa mashua ya saa tisa. Angefika wapi? Neno lilikuwa m na a.

"Anakuja kwa má," alisema Út. "Anakuja hapa kwako."

Lakini alikuwa ameona. Juu kabisa ya barua, pale Hai alipomsalimu mama, neno má lilikuwa na kijistari kinachopanda. Hili la mwisho lilikuwa na kitu kilichopinda kama ndoano. Herufi zile zile, kofia mbalimbali. Akisema hajui, Má atainuka aende kusomewa kwa jirani, na bega lile litaondoka. Út akaikunja barua.

Tarehe ishirini na tano ni siku ya kufyeka makaburi kabla ya mwaka mpya. Má hakwenda. Alipika mchuzi mchachu wa samaki, chakula alichokipenda Hai tangu utotoni. "Tutamngoja dada yako," alisema, "ndipo sote watatu twende kaburini kwa baba yenu."

Mashua ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Mchuzi ukapoa, Má akaupasha moto, ukapoa tena. Ilipofika saa sita, jirani yao Bibi Sáu alipita kwa mtumbwi, jembe lake limejaa tope.

"Enyi, leo mnafyeka sufuria?" aliwacheka. "Mimi mả zangu nimeshazimaliza."

Mả. Sauti ilishuka, ikainuka kidogo, kama ndoano inavyopinda. Mả ni kaburi. Hai hakusema anakuja kwa má. Alisema anakwenda kwenye mả, kaburini kwa baba, na huko ni mwendo wa saa nzima kwa kasia.

Angeweza kunyamaza. Saa tisa ingefika, Hai angepanda mashua na kurudi mjini, akiamini kwamba nyumbani wamemsahau. Út aliwaza jinsi dada yake alivyoketi pale peke yake. Upweke ule aliujua ladha yake.

"Má," alisema, "sijui kusoma alama. Niliona neno ni tofauti, nikanyamaza. Dada yuko kaburini."

Má alimkazia macho. "Kwa nini hukusema?"

"Ungeenda kwa Bibi Sáu. Usingeketi nami tena."

Má alifunika sufuria, akachukua makasia mawili, akamtupia moja.

Walipiga makasia hadi viganja vya Út vikachubuka. Walipofika, nyasi zilikuwa zimeshafyekwa zote. Hai alikuwa amewapa mgongo, akila wali mkavu kwenye jani la mgomba.

"Hatimaye," alisema bila kugeuka. "Nilidhani siku hizi nina baba tu, huyu aliye chini ya udongo."

"Kosa langu, Dada," alisema Út, akaeleza yote, hata lile la bega.

Hai aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Asubuhi nzima, kila mtumbwi uliopita nilisimama," alisema. Kisha akasogea, akampa Út nafasi penye kivuli.

Má akafunua sufuria, akampakulia Hai kwanza. "Sikiliza, Út," alisema. "Mimi sijui kusoma hata herufi moja, na hakuna aliyepotea kwa sababu yangu, maana nasema sijui. Kutojua hakumdhuru mtu. Kujifanya unajua, na wenzako wanakutegemea, ndiko kulikomtesa dada yako leo. Na kuketi nawe, mwanangu, hakuhitaji barua. Ungeniambia tu."

Út aliweka bakuli chini. Alisema kwa nguvu ili wote wawili wasikie.

"Shule ikifunguliwa nitamwendea mwalimu, nitamwambia sijui alama, hata darasa likinicheka. Na barua yako ijayo, Dada, nikikwama kwenye neno, nitamwambia Má nimekwama. Nakuahidi."