Maji ya Tangi la Roketi

Kwetu nyikani Kazakhstan, chuma kilikuwa adimu. Roketi ikipita, tulitazama moshi, kisha tukamfunga ngamia mkokoteni. Vipande vilivyoanguka tuliviezekea mazizi, tukafanya hata masufuria. Nani angeacha mali ya bure?

Kaka yangu Ermek aliokota tangi zima. Akalisugua, akalijaza maji ya kunywa, yetu na ya mifugo. Basi hakukaliki naye kwa majivuno.

"Wifi, usimsifu," nilimwambia mkewe, Kulyash. "Atasema alilirusha yeye."

Kulyash alicheka sana.

Theluji ilipoyeyuka, wanakondoo wakaanza kufa. Kisha binti yao mdogo, Raushan, akaanza kutapika. Macho yakawa ya manjano. Tukasema ni kijicho, tukamfukiza majani makavu. Na maji ya tangi tukazidi kumpa. Mungu wangu, tulimnywesha sisi wenyewe.

Nesipbai, daktari wa mifugo, alikuja kuangalia kondoo. Akaliona tangi.

"Nani anakunywa humu?"

"Sote," Ermek alisema. "Nimelisugua vizuri, ndugu yangu."

"Roketi hizi hutumia mafuta yenye sumu; nimeona mifugo ikifa hivi kwingine. Sumu inaingia kwenye maji, inaharibu ini. Kusugua hakusaidii. Mpelekeni mtoto hospitali sasa hivi."

"Mbona hatukuambiwa?"

"Wakubwa wa Moscow wanashindana na Wamarekani, nani atafika mwezini kwanza. Roketi ni siri. Hata mabaki yake ni siri."

"Na sisi je?"

Nesipbai akaenda kumfunga ngamia mkokoteni.

Raushan alifia njiani, mikononi mwa mama yake.

Tulilifukia tangi mbali na kisima. Wanakondoo waliobaki walipona. Kulyash alinyamaza kiangazi chote.

Baridi ilipokaribia, kipande kingine kilianguka nyuma ya kilima. Jirani yetu Toktar akamfunga ngamia. Watoto wake walishapanda mkokoteni. Ermek akasimama njiani.

"Nipishe," Toktar alisema. "Wewe ulipata lako, sasa unanionea wivu?"

"Usikisogelee, usikishike. Mifugo isilishwe pale. Kamwambie Nesipbai."

"Siku hizi umekuwa mwoga."

"Ndiyo. Washushe watoto."

Toktar akaachia hatamu ya ngamia. Kisha akawashusha, mmoja mmoja.

Kulyash alitoka mlangoni. "Njooni mnywe chai, wanangu," alisema. "Maji ni ya kisimani."