Kati ya Skrini ya Pili na ya Tatu

JUMANNE, SAA 10:15 JIONI

Chumba cha nyuma cha mshonaji, mtaa wa Ng'ambo, Tabora mjini. Dirisha moja, limezibwa kwa kipande cha kitambaa cha suti. Huko mbele cherehani ilikuwa inalia mfululizo. Mshonaji alikuwa ameambiwa asisimame mpaka wageni wake waondoke.

Watu wanne walizunguka meza ya kukatia. Lugembe ndiye mwenye mchongo. Mtu mfupi, sauti ya chini, mguu wa kuku, bastola fupi, kiunoni, na kila mtu pale alijua upo ingawa hajawahi kuutoa. Masolwa, dereva wa Fuso, pande la mtu lenye mke na watoto watatu Kaliua. Bernardo, karani wa mizani katika ghala la nta la Msitu Mwema. Na Najiat Rashidi, mwanamke pekee, aliyeitengeneza programu ya simu ya ghala hilo kwa mikono yake, kisha akafukuzwa.

"Sema, dada," Lugembe alisema. "Taratibu. Masolwa hajasoma mambo ya kompyuta."

Najiat alikuwa akiizungusha simu mezani. Akaizuia kwa kiganja.

"Mzigo hautoki bila kupita skrini tatu. Ya kwanza iko kwa Bernardo, mizani. Anaandika namba ya gari na linachokuja kuchukua. Ya pili iko kwa wapakiaji, ghalani. Wanapakia kile wanachokiona. Ya tatu iko kwa mlinzi, getini. Ikiwa kijani, anafungua."

"Wapi tunaingia?"

"Katikati. Skrini ya pili haiulizi makao makuu. Inapokea kilichotoka ya kwanza, inakiamini, inakipitisha. Ya tatu nayo inaiamini ya pili. Nikikaa katikati, nabadilisha ninachotaka."

"Nani mjinga aliifanya hivyo?" Masolwa aliuliza.

"Mimi. Mtandao wa pale ni mbovu. Sikutaka madereva wasubiri juani saa nzima. Baadaye nikamwambia meneja tuifunge hiyo njia. Akaniambia nimeajiriwa kuchora vitufe, si kumfundisha kazi. Wiki iliyofuata nikakuta meza yangu ina mtu mwingine, na njia hawakuifunga."

Lugembe akatabasamu kidogo. Hasira ya namna hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta mjini kote.

Mpango ulikuwa mwepesi. Fuso linaingia kuchukua mapipa matupu. Bernardo anaandika mapipa. Likitoka kwake, Najiat anageuza mapipa kuwa nta, vitalu mia na sitini. Wapakiaji wanapakia. Geti linafunguliwa. Masolwa anashika barabara ya magharibi, ile ambayo zamani misafara ilipita na pembe za ndovu kutoka Ujiji. Kaliua kuna mtu anangoja na masufuria. Nta ikishayeyushwa, haina mwenyewe.

"Skrini ya tatu inataka jina la aliyeruhusu," Bernardo alisema huku akijifuta shingo. "Si langu, jamani."

"Nitaacha wazi," Najiat alisema. "Na ujumbe unaokwenda kwa meneja nitauzuia. Hakuna mtu atakayetajwa. Ndivyo tulivyokubaliana, kaka Lugembe."

"Ndivyo tulivyokubaliana," Lugembe alisema.

JUMATANO, SAA 3:40 ASUBUHI

Noah ya kijivu iliegeshwa mbele ya karakana ya kuchomelea, ng'ambo ya barabara, hatua thelathini kutoka getini. Lugembe kwenye usukani. Najiat kando yake, simu mapajani, goti likimtetemeka. Aliliwekea mkono. Likatetemeka pamoja na mkono.

Getini alikaa Mzee Zablon kwenye benchi lake. Miaka sitini na kitu, mwenyeji wa Ntalikwa, mzee wa kanisa la Moraviani. Masikio yake yalikuwa mazito, hivyo alisoma kila kitu kwa sauti ya juu. Wakati Najiat anafanya kazi pale, alimfundisha yeye mwenyewe kutumia skrini ya tatu. Siku tatu nzima, kidole kwa kidole. Siku alipofukuzwa, mzee ndiye peke yake aliyembebea boksi lake mpaka barabarani.

"Acha kutikisa gari," Lugembe alisema.

"Sitikisi."

"Unatikisa."

SAA 3:52

Fuso likaingia. Masolwa hakuwaangalia. Mzee Zablon alisoma namba ya gari kwa sauti, akafungua, akafunga.

SAA 4:01

Simu ya Najiat ikatetemeka. Mistari mitatu. Gari. Mzigo: mapipa matupu. Aliyeruhusu: wazi.

Akafuta mapipa. Akaandika nta, vitalu 160. Akaachia.

Kule ghalani skrini ya pili ikaamini. Dakika moja baadaye sauti za wapakiaji zikaanza, wakihesabu kwa wimbo.

"Safi," Lugembe alisema. Akawasha sigara. "Sasa sikiliza. Ya tatu usiache wazi."

Najiat akageuka. "Nini?"

"Andika Zablon."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana mbele ya Bernardo, maana yule ni mwoga. Polisi wakikosa jina, wanatafuta. Wakipata jina, wanapumzika. Mzee ameruhusu, mzee amefungua, mzee amekula na majambazi. Kesi imeisha."

"Atafungwa."

"Ameishi, yule. Wewe bado."

Alisema bila chuki, kama mtu anayeagiza chai. Najiat alitazama mbele. Mzee Zablon alikuwa akimwelekeza mama mmoja aliyebeba beseni la karanga, akimwonyesha njia ya soko kwa mkono wote. Usiku kucha Najiat alijiambia anamwibia meneja. Hakuwahi kumwona meneja akisota gerezani hata katika mawazo. Lakini mzee huyu alimwona gerezani papo hapo, na kofia yake ya sufu.

Angeweza kuipitisha nyekundu. Geti lisifunguke, Fuso lirudi. Lakini Lugembe angerudi pia, wiki ijayo, na mtu mwingine wa kompyuta, na jina hilo hilo mdomoni.

SAA 4:26

Simu ikatetemeka tena. Upakiaji umekwisha. Mistari ile ile mitatu, imesimama kati ya skrini ya pili na ya tatu, ikimsubiri.

Najiat akaanza kuandika.

Kwanza aliirudisha namba ya meneja, ile aliyoitoa ili ujumbe usimfikie. Kisha akashuka mstari wa mwisho.

"Unaandika nini?"

"Jina."

"Zablon ni herufi sita."

"Lazima niandike mawili. Zablon Mathias."

Lugembe akavuta sigara. Akahesabu kimyakimya, midomo ikicheza. "Bado unaandika."

"Mtandao mzito."

"Nionyeshe."

Alinyoosha mkono. Najiat akabonyeza.

SAA 4:28

Fuso lilisimama getini, limelemewa nyuma. Mzee Zablon akaitoa simu ya ghala mfukoni. Akaweka miwani. Akafuata mistari kwa kidole, kama alivyofundishwa, na sauti yake ikavuka barabara.

"Gari... ndilo hili. Mzigo: nta, vitalu mia na sitini. Aliyeruhusu..." Akasita. Akaanza upya. "Aliyeruhusu: huu ni wizi, usifungue. Bernardo wa mizani. Masolwa dereva. Lugembe, Noah ya kijivu ng'ambo ya barabara. Najiat Rashidi."

Alinyanyua macho juu ya miwani. Akaiona Noah.

Masolwa alikuwa ameyasikia yote. Jina lake lilimgonga kama kofi. Mlio wa gia, injini ikanguruma, Fuso likaruka mbele. Mzee akajitupa pembeni. Geti liling'oka bawaba moja, likamkwangua paja akiwa anaanguka. Gari lilitoka limeinama upande, zito kupita kiasi, tairi la mbele likaingia mtaroni. Turubai likapasuka. Vitalu vya nta vikamwagika barabarani, vya njano, vikiteleza mpaka kwenye miguu ya watu. Masolwa akafungua mlango, akachupa, akakimbia kuelekea vichochoroni. Mafundi wa kuchomelea walimdaka kabla hajafika kona.

Ndani ya Noah, Lugembe aliitupa sigara. Aliutoa mguu wa kuku bila haraka.

"Umetuchoma."

"Nimejichoma na mimi."

"Kwa ajili ya mlinzi?"

Najiat alisukuma mlango. Mlio wa risasi ulimziba masikio. Alidhani amepigwa ngumi begani. Aliangukia changarawe, akaona damu ikipita kwenye mkono wa baibui, na matairi ya Noah yakimrushia vumbi usoni.

Lugembe alikimbilia magharibi. Hakufika mbali. Kwenye makutano ya reli treni ya mizigo ilikuwa ikipita polepole, behewa baada ya behewa, nyuma ya Noah bajaji na malori yameziba njia. Meneja alikuwa amepokea ujumbe sekunde ile ile geti lilipoupokea, na alikuwa tayari kwenye simu na polisi. Difenda ya polisi ilimkuta Lugembe bado ameshika usukani, akilitazama behewa la mwisho. Bernardo hawakumtafuta. Alikuwa amekaa chini ya mizani, akilia.

SAA 4:41

Najiat alivuka barabara kwa miguu yake mwenyewe. Watu walimpisha. Hakuna aliyemshika, maana hakuna aliyeelewa bado yeye ni wa upande gani.

Mzee Zablon alikuwa kwenye benchi lake, suruali imechanika, mama wa karanga akimfunga paja kwa khanga. Simu ya ghala bado ilikuwa mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Alimtazama usoni, kisha begani. Akamwambia yule mama, "Kata kipande, umfunge na huyu."

Khanga ikachanwa. Mzee akasogeza simu karibu na miwani.

"Hapa mwisho pana Najiat Rashidi," alisema kwa sauti yake ile ya juu, na watu wote wakageuka. "Ni wewe, au mwingine?"

"Ni mimi."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Na kule mwanzo? Mapipa yalivyogeuka nta?"

"Mimi pia, babu."

Mzee aliirudisha simu mfukoni. Goti la Najiat lilikuwa limetulia. Aligundua hivyo kwa mshangao, kama mtu aliyezoea kelele ya jirani, kisha siku moja haipo. King'ora kilisikika kutoka upande wa stesheni.

Mzee Zablon akasogea kwenye benchi, akapiga ubao kwa kiganja.

"Kaa hapa wafike," alisema. "Wala usikimbie, mwanangu. Mguu wangu huu, siwezi kukufukuza."

Najiat akakaa.