Punda wa Namnyaki na Barabara ya Lami

Kila wiki Namnyaki alipeleka mahindi kusagwa. Alikuwa na punda watatu. Mashine ilikuwa ng'ambo ya barabara ya lami, magharibi ya Mlima Meru. Njia yake iliikata barabara mshazari, ikatokea mlangoni kwa mashine. Wanawake wote wa pale walipita hivyo. Walikuwa na kanuni moja: gari likitokea juu ya kilima, bado una nafasi ya kuvuka.

Kanuni hiyo ilifaa enzi za malori machache, tena mabovu. Kisha biashara huria ikaruhusiwa. Miaka ya tisini ikaja na mabasi ya watu binafsi, kila moja likigombea abiria. Basi moja likamgonga punda wa nyuma, akafa. Namnyaki alimlilia waziwazi, na hakuona aibu.

Mumewe, Lengai, alikasirika. "Unavuka taratibu mno. Hawa wawili tutawauza. Mnunuzi anakuja Jumamosi."

"Na mahindi?"

"Utabeba."

Kabla ya kupata punda Namnyaki alibeba mgongoni miaka kumi. Mgongo haukuwa umesahau.

Alhamisi jirani yao Aika alikuja kununua maziwa. Aika alikuwa Mchaga wa Machame, mwalimu wa fizikia sekondari.

"Mama Lekishon, mbona huna raha?"

Namnyaki akamweleza. Aika alimpa pole, kisha akasema, "Twende barabarani. Hatuvuki, tunapima tu."

Walisimama ukingoni. Aika akauliza, "Ukivuka mshazari, ni hatua ngapi?"

"Ishirini na nne. Tangu siku ile nazihesabu hata nikilala."

"Na ukinyoosha, ukingo huu hadi ule?"

Namnyaki akapima kwa macho. "Kama nane."

"Umeona? Unatembea ishirini na nne, lakini kuelekea ng'ambo umesogea nane tu. Urefu wa njia uliyotembea ni kitu kimoja. Umesogea kiasi gani toka ulipoanza, na upande gani, ni kitu kingine."

"Kwa hiyo punda wangu si wazito?"

"Hawana kosa. Ila mwendo wao mwingi unashuka na barabara, hauivuki. Hapa kujua kasi peke yake hakutoshi. Lazima ujue na inaelekea wapi."

Basi likatokea kileleni. Aika akatazama saa yake, akahesabu kwa sauti. Alipofika kumi na sita, basi likapita mbele yao na kuwapepea shuka.

"Punda hupiga hatua moja kwa sekunde," Aika alisema.

Namnyaki alipiga hesabu mwenyewe. Ishirini na nne. Basi limefika kwa kumi na sita.

"Lakini kule juu lilikuja polepole, Mwalimu."

"Ndiyo. Likishuka, kila sekunde linaongeza kasi. Vitabu vinaita mchapuko. Usiamini kasi uliyoiona kileleni. Ukiliona gari, subiri lipite. Likitokea ukiwa tayari katikati, njia ya kunyooka itakuokoa."

Jumamosi, kabla mnunuzi hajafika, Namnyaki alimwomba Lengai amsindikize. Barabara ilikuwa tupu. Akawanyoosha punda, wakaivuka lami, kisha wakafuata ukingo wa ng'ambo hadi mashineni. Walikuwa wameshavuka zamani basi lilipopita likiunguruma. Lengai alibaki amesimama kwenye vumbi lake.

Waliporudi, alisema kwa sauti ya chini, "Ile njia ya mshazari niliyekuonyesha ni mimi, ulipokuja hapa bibi harusi."

"Nakumbuka."

"Kumbe nakumbuka mimi pia. Na bado nikakulaumu wewe."

Moyo wa Namnyaki ulitua.

Mnunuzi alipofika alipewa chai, akaambiwa punda hawauzwi. Tangu wiki ile wanawake wa pale wakaanza kuvuka kwa kunyoosha. Wasingeweza kufanya vingine, maana jioni hiyohiyo Lengai alikata matawi ya miiba, akaiziba njia ya zamani kwa mikono yake.